Picha Haijielezi, Wasee

Kuna kitu tunapenda kusema sana huku mtandaoni: eti picha inajieleza yenyewe. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni jamaa wa Marekani, Lewis Hine.

Hine alikuwa mwalimu New York. Mwaka 1908 aliajiriwa na National Child Labor Committee, shirika lililopinga ajira ya watoto, awapigie picha. Na hawakuwa watoto wachache. Sensa ya 1900 ilipata zaidi ya milioni 1.7 wa miaka 10 hadi 15 wakiwa kazini. Wa chini ya miaka 10 hawakuwa kwa hiyo hesabu.

Sasa, kiwandani huingii tu na kamera. Mara Hine alijifanya anauza Biblia, mara ni mkaguzi wa moto. Huko ndani, manze, alikuta mambo. Macon, Georgia, 1909: wavulana wadogo hadi inabidi wapande juu ya mashine ndio wafikie nyuzi zilizokatika. South Pittston, Pennsylvania, 1911: vijana wamekaa kwa safu, wameinama juu ya makaa, wanatoa mawe kwa mikono, vumbi kila mahali.

Lakini wenye viwanda walikuwa na jibu tayari: huyo hafanyi kazi hapa, ameletea mzazi chakula tu. Hapo picha pekee inanyamaza.

Hine alijipanga. Alijua kila kifungo cha koti lake kiko juu kiasi gani kutoka chini, kwa hivyo mtoto akisimama karibu naye anapimwa urefu bila mtu kushtuka. Aliuliza jina, umri, masaa ya kazi na mshahara, halafu akaandika kisiri, mkono ukiwa mfukoni. Picha ikitoka, inatoka na mahali, tarehe na maelezo. Haya, bishana na hiyo.

Na bado haikuwa rahisi. Sheria ya nchi nzima ilipita 1916. Mahakama ya Juu ikaifuta 1918, kura 5 kwa 4. Iliyosimama ilikuja 1938, miaka 30 baada ya Hine kuanza. Yeye alikufa 1940, akiwa hana pesa.

Sasa turudi kwetu. Unaona mtoto anauza njugu kwa steji saa nne usiku, unampiga picha, unaandika "inauma", unapata likes, kesho umesahau. Yeye kesho yuko pale pale.

Sisemi umuanike. Ficha sura, jina usitaje. Lakini uliza: anaanza saa ngapi? Pesa anapelekea nani? Shule je? Andika tarehe. Kisha rudi wiki ijayo, na ile ingine, uandike tena, upeleke kwa mtu mwenye kazi ya kumlinda.

Kama huna huo muda, weka simu mfukoni. Mnunulie njugu.