Shaka na Moshoeshoe: nani alikuwa mfalme mkuu?

Ukiuliza mfalme mkuu wa kusini mwa Afrika ni nani, wengi watamtaja Shaka. Alianza kuwatawala Wazulu mwaka 1816 hivi, akaunganisha koo nyingi kwa jeshi lenye nidhamu kali. Lakini mama yake, Nandi, alipofariki mwaka 1827, inasimuliwa kwamba watu wengi waliuawa wakati wa msiba. Mwaka uliofuata Shaka naye aliuawa na ndugu zake wa baba mmoja.

Miaka hiyohiyo, mwaka 1824, Moshoeshoe aliwahamishia watu wake Thaba Bosiu, mlima wenye kilele tambarare na njia chache za kupanda. Aliwapokea waliokimbia vita, akawaazima ng'ombe wapate maziwa. Makaburu walipozidi kumnyang'anya ardhi, aliomba ulinzi wa Uingereza, akaupata mwaka 1868. Mashamba mengi mazuri yalipotea, lakini taifa lilibaki. Ndiyo Lesotho ya leo, iliyopata uhuru mwaka 1966.

Wazulu wanajivunia Shaka, na wana sababu. Ila jiulize: mnyonge alipobisha hodi kwa mfalme, alipata nini? Kwa kipimo hicho, Moshoeshoe ndiye mkuu.