Ujira Sawa kwa Kazi Sawa: Historia ya Wafanyakazi katika Turkana

Tangu zamani watu wamefanya kazi pamoja, na tangu zamani pamekuwapo mmoja wa kupanga na wengine wa kutenda. Hakuna nyumba iliyojengwa, chombo kilichovuka bahari, wala kundi la mifugo lililofikishwa majini, pasipo mtu kuamua nani afanye nini, na kila mmoja apate nini. Elimu ya kuamua mambo hayo kwa haki na kwa faida ndiyo siku hizi huitwa usimamizi wa rasilimali watu. Zamani iliitwa utawala wa watumishi. Jina la siku hizi yafaa tulipokee kwa uangalifu, kwa maana mtu si madini ya kuchimbwa wala maji ya kutekwa. Madini hayaulizi kwa nini jirani yake ameuzwa kwa bei kubwa zaidi, mtu huuliza.

Katika insha hii tutalifuata swali hilo katika nchi ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Hasa katika mji wa Lodwar, ulio kando ya mto Turkwel, na katika Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka hapo. Huenda msomaji akastaajabu. Mbona tusiende kwenye viwanda vya Nairobi au bandari ya Mombasa? Sababu ni kwamba Turkana imeyaona mambo yote ya elimu hii: kazi za wafugaji, vifungo vya viongozi wa wafanyakazi, ofisi za Serikali, na kambi ya wakimbizi. Tena katika kila zama swali lilikuwa lile lile.

Tuanze na wafugaji. Makao ya Mturkana huitwa awi. Mwenye awi alikuwa na ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na kila mnyama ana haja zake. Ngamia hula majani ya miti na huvumilia kiu. Ng'ombe hutaka nyasi, na mara nyingi hizo hupatikana milimani. Kwa hiyo mifugo iligawanywa, na watu wakagawanywa pamoja nayo. Mtoto mdogo alipewa ndama na wana-mbuzi karibu na nyumba. Alipokua alipewa mbuzi. Baadaye akatumwa mbali na ng'ombe au ngamia. Hakukabidhiwa kazi asiyofundishwa. Mchungaji alikunywa maziwa ya mifugo aliyoichunga, naye alitazamia kupata wanyama wake mwenyewe siku za usoni. Hatusemi kwamba utaratibu huo haukuwa na kasoro. Wanawake walikamua, waliteka maji na kujenga nyumba, lakini neno la mwisho juu ya mifugo lilikuwa la mwanamume. Hata hivyo kanuni tatu zilikuwa zimekwisha kuonekana: kumchagua mtu anayefaa, kumfundisha kabla ya kumtuma, na kumpa fungu katika matunda ya kazi yake.

Serikali ya kikoloni ilipoingia Kenya ilileta kazi ya namna nyingine, kazi ya mshahara na ya amri. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetafuta kazi nje ya kwao alipaswa kuchukua kipande. Ndani yake mliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, jina la bwana wake na kiasi cha ujira wake, nacho kikatiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Leo kila ofisi nzuri ina jalada la kila mtumishi, na jambo hilo ni jema, maana humlinda yeye pamoja na mwajiri. Kipande nacho kilikuwa jalada, bali lilikuwa jalada la kumfunga. Mtu aliyeacha kazi pasipo ruhusa aliweza kutafutwa kwacho na kuadhibiwa. Hapa twaona kwamba chombo kimoja cha utawala chaweza kuwa ngao au pingu, kwa kadiri ya nia ya aliyekishika.

Na mshahara ulikuwaje? Katika utumishi wa Serikali malipo yalifuata rangi. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, ilikubali kwamba mtumishi asiye Mzungu, ijapokuwa ana elimu ile ile na kazi ile ile, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Yaani penye shilingi 100, yeye apate 60. Sababu zilitolewa: ya kuwa Mzungu ametoka mbali, na ya kuwa matumizi yake ni makubwa. Lakini dawa iliyotolewa na mganga Mwafrika haikuponya sehemu tatu kwa tano za ugonjwa, wala hesabu iliyofundishwa na mwalimu Mwafrika haikuwa pungufu. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury iliikataa kanuni hiyo ya rangi.

Mabadiliko hayo hayakushuka kama mvua. Wafanyakazi waliyadai. Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa vya wafanyakazi viliungana Nairobi vikafanya shirikisho moja la Afrika ya Mashariki. Fred Kubai akawa rais wake na Makhan Singh akawa katibu. Mwezi wa Mei 1950 wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh akapelekwa kizuizini Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar, naye hakupata uhuru wake mpaka Oktoba 1961, baada ya kuhamishiwa mahali pengine. Aprili 1953 watu sita walihukumiwa Kapenguria, nao wakapelekwa vilevile Lokitaung. Miongoni mwao walikuwamo Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikaa Lodwar tangu 1959 hadi 1961. Fred Kubai yule yule. Na Bildad Kaggia, aliyekuwa ameongoza chama cha makarani. Serikali ilichagua Turkana kwa sababu ya umbali wake na ukame wake, ikidhani kwamba sauti itakayotupwa huko haitasikika. Basi nchi ile iliyofanywa gereza la wadai haki za wafanyakazi ndiyo leo inayojaribiwa kwa haki hizo hizo.

Wakati huo nchi za viwanda nazo zilikuwa zikijifunza. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Taylor alitoa kitabu kilichoshauri kila kazi ipimwe kwa saa, kila tendo likatwe vipande, na mtu afundishwe njia moja iliyo bora. Viwanda vilipata faida, lakini wafanyakazi wengi walinung'unika kwamba wamegeuzwa kuwa sehemu za mashine. Mwaka 1919 likaundwa Shirika la Kazi Duniani, na mwaka 1951 likapitisha mkataba wa kwamba mwanamume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hivyo elimu hii ilisogea polepole kutoka katika swali la "Tutapataje kazi nyingi zaidi?" ikafikia swali la "Ni haki gani anayostahili mtendaji?"

Majibu ya Kenya huru yameandikwa katika sheria, hasa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 na Katiba ya mwaka 2010. Yafaa kila mwanafunzi azijue kanuni zake kuu. Kwanza, watu wachaguliwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili, na nafasi ziwe wazi kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote, na kwa watu wenye ulemavu. Pili, masharti ya kazi yajulikane na pande zote mbili. Tatu, malipo yawe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Nne, mfanyakazi apate mapumziko. Sheria inataja likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Tano, ana haki ya kuingia katika chama cha wafanyakazi, na kugoma. Sita, asifukuzwe kwa kosa au kwa udhaifu wa kazi kabla ya kusikilizwa: mwajiri amweleze sababu katika lugha anayoifahamu, na mfanyakazi mwenziwe awepo. Tazama jinsi sharti hilo la lugha lilivyo dogo na lilivyo kubwa. Mahali ambapo bwana huzungumza lugha moja na mchungaji au mpishi nyingine, mtu aweza kuhukumiwa pasipo kujua kosa lake.

Lodwar ilianza kuzijaribu kanuni hizi kwa upana zaidi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Kazi nyingi zilizokuwa zikiamuliwa Nairobi sasa ziliamuliwa hapo. Kila kaunti ina Bodi ya Utumishi wa Umma, ambayo kazi yake ni kuunda nafasi, kuajiri, kupandisha vyeo na kusimamia nidhamu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka walau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zipewe watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti. Wako wanaouliza: je, Waturkana waliosahauliwa miaka mingi hawastahili nafasi zote? Sheria hujibu kwamba wengi watapata sehemu kubwa, bali mlango usifungwe kwa mwingine. Kwa maana Mturkana naye huomba kazi Kisumu na Mombasa.

Swali hilo halikubaki ofisini. Machi 2012 ilitangazwa habari ya kugunduliwa mafuta katika kisima cha Ngamia 1, kusini mwa Turkana. Mwezi wa Oktoba 2013 wenyeji waliandamana wakidai kazi na zabuni, na shughuli za utafutaji zikasimamishwa kwa muda. Walio mbali walisema kwamba wafugaji hawana ujuzi wa visima. Lakini mtoto wa awi hakuzaliwa akijua kuchunga ngamia, alifundishwa. Mwajiri anayesema "hawana ujuzi", na asifungue mahali pa kuupata, amesema nusu ya neno tu.

Sasa twende Kakuma. Kambi hii ilianzishwa mwaka 1992, vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan walipofika. Baadaye wakaja watu wa Ethiopia, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko. Mji wa watu wengi namna hiyo wahitaji walimu, wakalimani, wasaidizi wa wauguzi, na wagawaji wa maji. Wakimbizi wenyewe wakaajiriwa kufanya kazi hizo. Lakini malipo yao hayakuitwa mshahara. Yaliitwa motisha, nayo yalikuwa kidogo sana kuliko ya Mkenya aliyefanya kazi ya namna ile ile. Walimu wawili walifundisha katika shule moja, wakatumia chaki moja. Mwisho wa mwezi mmoja alipokea mshahara na mwenziwe posho.

Wenye kuutetea utaratibu huo wana sababu, na haki yatutaka tuzisikilize. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, mkimbizi aliwekewa vizuizi vile vile vya kazi ya mshahara anavyowekewa mgeni yeyote, na kibali cha kazi kilikuwa kigumu kukipata. Tena mkimbizi hupewa chakula na makazi, na fedha za mashirika ni haba; posho ndogo huwafikia watu wengi.

Hata hivyo sababu hizo hazitoshi. Chakula cha mgawo hupewa yule asiyefanya kazi pia; basi hicho hakiwezi kuwa sehemu ya ujira wa anayefanya. Na hoja ya kwamba matumizi ya mmoja ni madogo kuliko ya mwenziwe tumekwisha kuikuta mwaka 1948. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa kabisa: kule kipimo kilikuwa rangi, huku ni karatasi za uraia. Lakini katika yote mawili malipo hutazama mtu ni nani, wala si amefanya nini. Na hasara haimwishii mwalimu. Mwalimu hodari akiona biashara ndogo inamlipa zaidi, huenda akaacha darasa, na anayebaki na pengo ni mtoto.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wengi hulikumbuka jembe, wakasahau mavuno. Anayempa mgeni jembe amemwingiza katika hesabu ya walimaji. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imeisogeza Kenya upande huo, kwa kumruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi au biashara, na kutumia taaluma yake ikiwa vyeti vyake vimekubaliwa nchini. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa karibu na Kakuma mwaka 2016, nayo yalikusudiwa kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Lakini sheria haimlipi mtu mpaka itekelezwe. Vibali vitolewe, vyeti vikaguliwe, na fedha zitengwe. Wala haki ya mkimbizi isipatikane kwa kumnyima mwenyeji. Kijana wa Kiturkana anayepita nje ya ua wa shirika pasipo kazi naye ana swali lake, nalo lataka jibu.

Wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa walimu wakuu, wauguzi wakuu, na wasimamizi wa maduka na mashamba. Kalamu ya kuandika mishahara ya watu itafika mikononi mwenu, pengine kabla hamjaizoea. Siku hiyo mtapewa sababu nyingi za kumpunguzia mmoja: ni mgeni, ni mwanamke, ni wa kabila jingine, au amezoea kidogo. Kumbukeni kwamba sehemu tatu kwa tano nayo ilikuwa na sababu zake, zikaandikwa vizuri na kutiwa sahihi. Ulizeni kwanza kazi aliyoifanya. Kisha, kabla ya kuandika, mwiteni mwenyewe mmsikilize.