Mtoto akitoka chekechea Buguruni, nani anapokea habari zake?

Mzazi wa Buguruni ana sehemu nyingi za kumpeleka mtoto mdogo. Kuna darasa la awali kwenye shule ya serikali, chekechea ya mtu binafsi, madrasa, kituo cha kanisa, na dada wa jirani anayebaki na watoto sebuleni wakati mama zao wako sokoni. Tena ipo shule ambayo mitaa mingi ya jiji haina: Buguruni Viziwi, shule ya msingi ya wanafunzi viziwi iliyoanzishwa mwaka 1974.

Watoto ni wa mtaa mmoja, ila ofisi ni mbili. Darasa la awali, ambalo Sera ya Elimu ya 1995 ilitaka liwepo kila shule ya msingi, liko upande wa elimu. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa upande wa ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Maofisa wa pande hizo wasipokaa pamoja, walimu na walezi nao hawajuani.

Anayeumia ni mtoto. Mlezi wa kituo mara nyingi ndiye mtu wa kwanza nje ya familia kugundua kwamba mtoto wa miaka mitatu haitiki akiitwa kutoka nyuma. Nyumbani huambiwa ataongea tu, mbona hata baba yake alichelewa. Akifikishwa shule na miaka saba, ile miaka ambayo lugha hujengeka kwa urahisi, iwe ya mdomo au ya alama, imeshapita. Na walimu wanaojua Lugha ya Alama ya Tanzania walikuwa mtaa wa pili tu! Mlezi akiwa na mtu wa kumuuliza pale shuleni, na mzazi akaelekezwa hospitali kupima masikio, mambo yangekuwa mengine.

Kwa watoto wengine hasara ni ndogo, lakini ipo. Mwalimu wa darasa la kwanza anaanza upya na mtoto ambaye mwenzake alimlea miaka miwili. Karatasi moja ya maelezo ingemsaidia sana.

Ushirikiano wa namna hii si mgeni Afrika Mashariki. Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993, uliacha kila shule mikononi mwa jamii yake, huku walimu wakifundishwa na kutembelewa kutoka kituo kimoja. Karibu na Kariakoo, Uhuru Mchanganyiko inasomesha wanafunzi wasioona pamoja na wanaoona.

Kitaifa ipo PJT-MMMAM, programu ya malezi na makuzi iliyozinduliwa Desemba 2021. Inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, yaani inavuka mpaka wa chekechea na shule, na inataka afya, lishe, elimu na ulinzi vifanye kazi pamoja. Kwenye karatasi iko vizuri. Kazi iko kwenye kata.

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba, masomo Januari. Mzazi anaweza kumwomba mlezi maelezo ya mtoto wake kwa maandishi kabla kituo hakijafunga Desemba.