Mahari, Mshahara na Vizazi vya Askari wa Kikuria katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Maelezo yaliyozoeleka, kwamba Wakuria waliingia jeshini kwa wingi kwa sababu ni mashujaa kwa asili, yalimfaa mwajiri mkoloni. Kwa mwanahistoria hayatoshi, kwani ushujaa hauelezi kwa nini mtu hubaki kazini au huondoka. Jibu limo zizini. Mahari ya Kikuria hulipwa kwa ng'ombe, na kwa desturi kijana huoa kwa ng'ombe walioletwa na ndoa ya dada yake. Asiye na dada alibakiwa na njia chache: kuiba mifugo au kutafuta mshahara. King's African Rifles, hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilimpa mshahara huo. Mkataba ulipokwisha, fedha iliyomvuta jeshini ndiyo iliyomwezesha kurudi nyumbani, akanunua ng'ombe, akaoa. Jeshi la Wananchi, lililoundwa Septemba 1964 baada ya uasi wa Januari, liliajiri kizazi cha wana wao, na mvuto ukawa uleule. Vita vya Kagera vilipomalizika mwaka 1979, baadhi yao walirejea na bunduki, na wizi wa mifugo, ambao awali ulitegemea zaidi mikuki, pinde na mishale, ukawa wa kijeshi.