Kuunda au Kununua: Kompyuta ya Mezani na Historia ya Utegemezi wa Vipuri katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Uamuzi wa kununua kompyuta ya mezani iliyokamilika au kuiunda kwa vipuri huchukuliwa mara nyingi kuwa suala la bei na hiari ya mtu binafsi. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hiari hiyo ilitanguliwa na sera ya dola. Na swali la msingi lilikuwa, na bado ni, nani mwenye uwezo wa kuifufua mashine inapoharibika.

Swali hilo halikuletwa na kompyuta. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, chini ya NAFCO, yaliendeshwa kwa mashine na utaalamu kutoka Kanada. Wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho yao, na zana za kulimia na kuvunia zikategemea vipuri vya kuagizwa. Ufadhili ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilidhihirika kwamba kumiliki mashine si sawa na kuimudu.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Miezi michache baadaye, Januari 1975, jarida la Marekani Popular Electronics liliitangaza Altair 8800, iliyouzwa ikiwa vipande vya kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta iliyoundwa kwa sehemu za watengenezaji mbalimbali, na hivyo kurahisisha uigaji wake. Kwa hiyo, kipindi ambacho kwingineko watu walijifunza kuunda kilikuwa, kwa Tanzania, kipindi cha milango iliyofungwa.

Marufuku ilipokwisha kuondolewa, Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002, ukimegwa kutoka Arusha, na sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ikatolewa mwaka 2003. Hata hivyo, kufunguliwa kwa soko hakukufuta umbali. Kompyuta mpya huja na dhamana, lakini dhamana ina manufaa pale tu muuzaji anapofikika. Aidha, baadhi ya kompyuta zilizokamilika zina pawa saplai na bodi mama zenye maumbo ya pekee, ambazo fundi wa Katesh hawezi kuzibadilisha kwa kipuri cha kawaida. Iliyoundwa kwa vipuri vya kawaida hurekebishika kipande kwa kipande, ila humtaka muundaji ajue prosesa ipi hukubaliana na bodi ipi, na hubeba hasara akikosea.

Kwa msingi huo, kigezo kinachofaa shule na ofisi za wilaya hizi si kuunda au kununua pekee, bali ni urekebishikaji: kama kipuri kinapatikana na kama mwenye ujuzi wa kukifunga yupo karibu. Mashamba ya ngano yalikwisha kuonesha gharama ya kulipuuza jambo hilo.