Fundi wa Manchester na kamba ya kuanikia nguo

Leo tuzungumze juu ya Joe Brown, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa kukwea miamba. Huenda jina lake hulijui. Huko kwao lilitajwa kwa heshima mpaka alipofariki Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 89.

Alizaliwa mwaka 1930 katika mtaa wa makabwela wa Ardwick, mjini Manchester, kitinda mimba wa watoto saba. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mchanga. Joe akaacha shule na miaka 14, akaenda kujifunza kazi kwa fundi wa nyumba. Alipoanza kukwea miamba hakuwa na fedha za kununulia kamba. Alichukua kamba kuukuu ya mama yake ya kuanikia nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kamba yake ya kwanza.

Kuna jambo moja ni lazima tulielewe. Kwa miaka mingi Uingereza ilihesabu ukweaji wa milima kuwa mchezo wa mabwana waliosoma: madaktari, mawakili, walimu na maofisa wa jeshi. Klabu yao kongwe, Alpine Club, iliundwa London mwaka 1857. Hata vilima vilivyo karibu na Manchester vilikuwa mashamba ya mabwana ya kuwindia ndege. Mwaka 1932 mamia ya vijana waliamua kuupanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Watano kati yao walifungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa, iliyoanza kuwafungulia wananchi njia, ilipitishwa mwaka 1949.

Kwa hiyo baada ya vita lilizuka kundi jipya. Mwaka 1951 vijana wa Manchester, wengi wao mafundi na vibarua, waliunda klabu waliyoiita Rock and Ice. Wiki nzima walikuwa kazini, Jumamosi na Jumapili wakawa miambani. Ndani ya klabu hiyo Brown alishirikiana na fundi bomba wa Salford, Don Whillans, mfupi wa kimo na mkali wa ulimi.

Mwaka 1952, kule Wales, Brown alikwea pembe ya jabali iitwayo Cenotaph Corner, ambapo kuta mbili zinakutana kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Mbinu yake ilikuwa kuingiza mkono katika ufa, kisha kuukaza humo mpaka uweze kubeba uzito wa mwili. Mbinu hiyo ilikuwapo kabla yake, lakini yeye aliifikisha mahali ambapo wengine walikuwa hawajafika. Mwaka 1954 yeye na Whillans walikwenda Ufaransa, wakaupanda ukuta wa magharibi wa Petit Dru.

Hapo mabwana hawakuweza tena kujifanya hawaoni. Mwaka 1955 Brown aliitwa katika msafara wa Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, wenye mita 8,586. Whillans hakuitwa. Kiongozi wa msafara alikuwa Charles Evans, daktari wa upasuaji. Siku ya Mei 25 waliotangulia kileleni walikuwa wawili: George Band, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na Joe Brown, fundi wa Ardwick. Walipokaribia juu walikuta ukuta wa mwamba wenye ufa. Nani atangulie? Alitangulia fundi, akitumia mbinu ile ile aliyoizoea nyumbani.

Sasa nisikilize kwa makini. Watu wa Sikkim wanauhesabu mlima huo kuwa mtakatifu, na Evans alikuwa ameahidi kwamba kilele hakitakanyagwa. Brown na Band wakasimama hatua chache chini ya ncha, wakaiacha ilivyo, wakarudi. Kesho yake wenzao wawili nao wakafanya vivyo hivyo. Hapakuwa na askari wala shahidi wa kuwazuia. Kilichowazuia ni ahadi. Wengi waliowafuata miaka ya baadaye wameishika desturi hiyo.

Whillans alingoja miaka 15. Mwaka 1970 yeye na Dougal Haston walifika kilele cha Annapurna kwa kupitia ukuta wake wa kusini, kazi iliyostaajabisha ulimwengu wa wakweaji. Alifariki mwaka 1985. Brown alifungua duka la vifaa vya ukweaji Llanberis, Wales, na mwaka 2011 akapewa nishani ya CBE.

Mimi ninayajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, kipaji hakiulizi mtoto amezaliwa nyumba gani. Wanaouliza ni wale wanaoandika orodha ya majina. Ndiyo maana kila orodha inapotoka, ya timu, ya masomo au ya kazi, tuna haki ya kuuliza ni nani aliyeachwa nje, na kwa nini. La pili, uungwana hausomewi Cambridge peke yake. Mtoto aliyeanza na kamba ya nguo ya mama yake alifika mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika, akabakiza hatua chache kwa sababu ya heshima ya watu wengine. Je, sisi tukipewa kilele chetu, cha cheo au cha mali, tutakumbuka tuliyoyaahidi tukiwa bondeni?