Pembe za Mombasa na Tao la Ushindi

Tao la ushindi, kama lile la Paris aliloliagiza Napoleon mwaka 1806, hujengwa baada ya vita. Pembe za ndovu zivukazo Barabara ya Moi mjini Mombasa, ambayo zamani ikiitwa Barabara ya Kilindini, hazikufuata vita vyo vyote. Zilisimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth. Lakini tarehe 6 Februari babaye alifariki, naye akarudi Uingereza kwa ndege, asiipande meli iliyokuwa ikimngoja bandarini. Tao likakosa mgeni wake. Mwaka 1956 alipokuja nduguye, Margaret, zikafanywa pembe za alumini, jozi moja juu ya kila njia. Umbo lake ni la herufi M, na watu husema ni M ya Mombasa. Nadhani maana hiyo ilizuliwa baada ya umbo.

Nami niliyezaliwa Kiloleli, Usukumani, nizitazamapo huwakumbuka wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi waliochukua pembe za kweli mabegani hadi pwani katika karne ya 19, zikapimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi.

Lakini lililonivuta hasa ni jina. Wenyeji husema Mapembeni. Pembe ni neno la ngeli ya N, umoja na wingi sawasawa. Ma- hapa yaonyesha ukubwa, na -ni mahali. Basi hawakumtaja mgeni wala mfalme. Walitaja ukubwa wa kitu walichokiona.